Mshipa Usiobonyea

Trondheim, Januari. Saa tatu asubuhi na bado giza.
Mgonjwa wa mia mbili na kumi na nne
amevua suruali, kaacha soksi,
sufu nzito aliyofumiwa na Borghild, mkewe.
Ya kushoto imemkaba, imemchora pete chini ya goti.
Mguu huo umevimba, unang'aa,
una joto la mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

Namwambia, jeli ni ya baridi.
Anasema: binti, miaka thelathini nimeendesha lori la samaki
kutoka Narvik. Baridi gani utanitishia?

Nabonyeza.
Elimu yangu yote ndiyo hii,
miaka kumi na moja ya kusomea kubonyeza.
Mshipa mzima hufumba, mdomo wa mtoto aliyeshiba.
Mgonjwa hubaki wazi, unakutazama.
Kinena: unafumba.
Paja: unafumba.
Nyuma ya goti
haufumbi.
Narudia, maana jicho nalo hupenda kuona lilichokitamani.
Haufumbi.

Damu nzito kuliko maji, tunaambiwa.
Nzito kiasi gani, hatuambiwi.

Basi namweleza utafiti. Miezi mitatu ya mwanzo
vidonge vyote ni vya kweli. Baada ya hapo,
hadi mwaka utimie, huenda ni dawa, huenda ni unga mtupu.
Mimi sijui, wewe hujui,
inayojua ni kompyuta iliyofungiwa ghorofa ya nne.
Ananikazia macho. *Wewe ungenipa vipi?*
Ningejua, Oddvar, nisingekuita.

Sikumwambia habari za wa tisini na saba,
aliyevuja damu tumboni akidhani ni vidonda vya zamani,
wala za wa mia na thelathini, aliyeacha dawa,
bonge likapanda hadi pafuni usiku wa kuamkia Jumapili.
Yamo kwenye fomu, ukurasa wa sita, kwa herufi ndogo.
Aliusoma ukurasa wa sita. Alichukua muda.
Kisha akatia saini iliyolalia kulia, kama lori kwenye kona.

Hiyo soksi, nikasema, usiivae.
Akaikunja, akaitia mfukoni.
*Na Borghild nimwambie nini?*
Nikatafuta jibu. Nikafuta jeli.

Dirishani kunapambazuka. Anavuka theluji ya maegesho,
soksi moja mguuni,
akiukanyagia ule wa kushoto taratibu,
kama dereva kwenye daraja asilolijua.