Sahani ya Mia Mbili na Kumi na Mbili

Florentino Colque alizima gari pasipo na kitu,
akasema, "Hapa."
Nikamuuliza, hapa wapi? Akacheka.
Amewaendesha wachimba shaba miaka thelathini;
kwake "hapa" ni neno lenye mipaka.

Mtaka cha mvunguni huinama. Niliinama,
nikainua jiwe ambalo halikuwahi kuinuliwa na mtu,
nikakwangua chini yake, kwa kijiko nilichokipitisha motoni,
vumbi la kujaza kifuniko cha kalamu.
Jeupe kwa chumvi. Halina jani, halina siafu,
halina hata kinyesi cha panya.
Ukilionja
(nililionja, asiambiwe Dakta Zlatar)
linauma kidogo, kisha halina la kusema.

Kwetu Antofagasta
mtoto humaliza darasa la kwanza hajui mwavuli.
Mabati yetu yamelazwa tu, hayana mteremko,
na mvua ikikosea njia ikatufikia, dakika ishirini,
shule zinafungwa.

Wiki ya kwanza sahani zilinyamaza.
Ya pili, zilinyamaza.
Nikazizungushia utepe ule uji wa mwani usikauke,
nikaosha chupa,
nikala mkate na parachichi nikiwa nimesimama.
Wiki ya tano, katika ile ya mia mbili na kumi na mbili,
nukta.
Kama chaki iliyodondoka kidoleni mwa mwalimu.
Kesho yake nukta ilikuwa na manyoya.
Kesho kutwa, na rangi ya jivu mabegani.

Kilikuwa kimelala tangu lini, sijui.
Kilipopewa tone la maji na sukari kiasi
hakikuuliza mwaka.

Jumamosi mama aliniletea sufuria ya dengu.
Ercira, mzaliwa wa Chiloé,
kisiwa ambako mvua haipigi hodi, inaingia.
Alisimama mlangoni, pua juu.
"Nani kaacha dirisha wazi? Kunanyesha."
Nikamweleza: ni hivi vijidudu, mama,
ndivyo vinavyoupa udongo uliolowa harufu yake,
hata kule kwenu vilikuwa ni hivi hivi.
Hakunisikiliza.
Alijitanda shali kichwani
kama mtu anayetaka kuvuka ua.

Kisha ndiyo ikaja kazi yenyewe.
Hospitali ilitupa vimelea vya usaha
kutoka mguu wa fundi mitambo, mguu uliokataa kila dawa.
Nikavipaka sahani nzima kama siagi,
nikaitua nukta yetu katikati, nikaenda kulala, sikulala.
Asubuhi: duara.
Duara safi, tupu, kama uwanja uliofagiwa,
na nukta imekaa katikati peke yake.
Dakta Zlatar aliweka rula. Milimita kumi na tisa.
Hakutabasamu. Alipima tena.

Miezi minane. Lita arobaini za mchuzi uliotikiswa usiku na mchana,
tukachuja, tukakausha, tukachuja,
tukabaki na doa la manjano chini ya chupa,
dogo kuliko nta ya sikio.
Mashine ikalipima uzito, ikatafuta jina.

Jina lilikuwepo.
Lilikuwepo kabla sijazaliwa,
mtu alishalitoa katika shamba la viazi, nchi nyingine,
akalijaribu, akaliacha:
huchoma figo kabla ya kumaliza usaha.

"Kumi tukizipata," alisema Dakta Zlatar, "tisa zina wenyewe."
Akaenda kuchemsha chai, akasahau kuweka majani,
akanywa hivyo hivyo.

Mguu ulikatwa mwezi Agosti. Nilisoma kwenye fomu.

Mia mbili na kumi na mbili nimeilaza tena,
nyuzi themanini chini ya sifuri, na lebo yake,
imezoea kungoja.
Sahani moja sikuiandika daftarini.
Iko kwenye rafu ya chini, nyuma ya glavu,
ya mama, siku za Jumamosi.

Nje honi inalia.
Florentino amepata "hapa" nyingine.
Nachukua kijiko.