Mita Sitini na Saba

Kazi yangu mimi ni mnyororo na ndoano.
Miaka kumi na tisa nakokota magari yaliyoacha njia
kati ya Suomussalmi na Hyrynsalmi:
ya walevi, ya wazee waliosinzia,
ya vijana waliotaka kujua barafu inavumilia mwendo gani,
na moja lililogonga kulungu dume.
Kulungu aliinuka, akaenda zake.

Jana niliitwa saa tisa alasiri, giza limekwisha kuingia.
Baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri;
pumzi inakugandia masharubuni.
Lori la magogo limekaa mshazari,
dereva wake, Urho, ameketi kwenye ngazi, mikono mitupu,
akimwambia kila anayepita, hata mimi, hata mbwa wa polisi:
"Nilipiga honi. Nilipiga honi. Hakuinua kichwa."

Gari dogo la kijani. Nalijua.
La mwalimu Raili, aliyemfundisha binti yangu kugawanya.
Mwenyewe walikuwa wameshamwondoa.
Nikalala chali kwenye theluji nifunge mnyororo,
ndipo nikaiona simu chini ya pedali ya breki,
inawaka.
Kioo kizima! Kila kitu kilichovunjika kilivunjika,
ila hicho.

Juu, swali la mumewe: *Maziwa umekumbuka?*
Chini, jibu ambalo halijatumwa:
*Maziwa ya*

Basi. Hapo ndipo alipofika.
Maziwa ya nini, mwalimu? Ya mgando? Ya unga? Ya mtoto wa jirani?
Hiyo *ya* imeachwa mlango wazi
na baridi yote ya Kainuu inaingia.
Kiti cha nyuma kulikuwa na pakiti mbili,
zimeganda ngumu kama matofali, hazikumwaga hata tone.

Nikiwa nimeishika, ikatetemeka mkononi mwangu:
*Acha tu, nimeazima kwa jirani. Wewe njoo.*

Nikampa askari. Sikuweza kuitazama tena.

Watu husema kufumba na kufumbua
kana kwamba ni kitu kidogo.
Nilikwenda kukipima.
Mwendo wa themanini, sekunde tatu:
mita sitini na saba, hesabu ya darasa la sita,
hesabu yake yeye.
Nilizitembea kwa miguu kutoka kwenye lori kurudi nyuma.
Hatua tisini na moja. Nilipita sanduku la barua,
nikapita misonobari kumi na minne, nikapita daraja dogo,
nikageuka: taa za lori zimekuwa punje mbili za mtama.
Kote huko gari lilikwenda lenyewe,
halina mtu ndani.

Wanasema ajali haina kinga.
Hii ilikuwa nayo. Ilikuwa mfuko wa koti
wenye zipu.

Sasa hili sijamwambia mtu.
Narudi usiku, gari la kijani limefungwa mgongoni kwangu,
nalisikia likigonga kila penye shimo.
Kifuani simu ikalia mara moja, mlio mfupi.
Mkono ulikwenda.
Sikuutuma. Ulikwenda kama mkono uendavyo kwenye mbu,
na macho yakaufuata, maana macho hayana pazia.
*Baba uko wapi*, ameandika Vilja.
Nikaanza: *Nipo kar*

Nilipoinua kichwa, kibao cha Hyrynsalmi kilikuwa nyuma yangu.
Sikumbuki kukipita.

Nilisimama kituo cha basi, nikazima injini.
Nikakaa hadi kioo kikaota ukungu kwa ndani.
Kisha nikashuka, nikaitia simu kwenye sanduku la vifaa,
chini ya ndoano za akiba, nikapiga kufuli.

Nyumbani Vilja alikuwa mlangoni, amenuna, supu imepoa.
"Mbona hukunijibu?"
"Nilikuwa naendesha," nikasema.
Akanitazama
kama mtu aliyetajiwa ugonjwa asioujua.