Swali la Kumi na Tisa

Kishikwambi kinataka tarakimu.
Moja hadi kumi, Bi Trufosa,
maisha yako hapa mjini utayapa alama ngapi?
Nimeuliza hivyo tangu asubuhi, Nyalenda nzima,
mlango kwa mlango, kitambulisho kikining'inia shingoni
kama njuga ya mbuzi.

Anacheka. Anasogeza karai la omena,
anapangusa magamba kwa leso ili niketi.
"Umetoka Nairobi?"
Hapana, Kondele hapo.
"Basi wajua."

Najua. Lakini kujua hakuna kisanduku chake.

Dirishani mwake ziwa linaonekana,
si lote, kipande tu, upana wa taulo,
kijani siku upepo ukilisukuma gugumaji huku,
rangi ya bati kuukuu siku nyingine.
Maji yote hayo, na mfereji wake
ulikohoa mara ya mwisho Jumanne ya juzi.
Hununua kwa Odiwuor wa mkokoteni,
dumu ishirini, umeme ukipotea thelathini.
"Ni kama kuolewa na tajiri," asema,
"anayelala nje."

Hilo nalo sikuliandika.

Swali la kumi na tisa linangoja.
Bila tarakimu, la ishirini halifunguki.

"Haya, nihesabu," na anahesabu kweli,
kwa vidole vyenye chumvi.
Mafuriko ya Aprili yalifika godoro: toa mbili.
Kijana wangu amepata kazi ya kuchomelea vyuma: weka moja,
weka moja na nusu, analipwa kila Jumamosi.
Choo tunachangia milango sita,
na ufunguo anao Mama Nereya, ambaye Ijumaa huenda kesha.
Toa.
Mbu. Toa.
"Lakini nilipolazwa kule Rusia,
watu wa ploti hii waliniletea uji kwa zamu, siku kumi na moja,
hata yule tuliyegombania kamba ya nguo.
Hiyo utaipa ngapi, wewe msomi?"

Sijajibu. Saa kumi hiyo, upepo umegeuka,
mabati yanaanza kuitana toka upande wa Dunga,
mtu kapiga kelele, na ploti nzima iko nje:
beseni, sufuria, ndoo ya rangi, kopo la maziwa,
na mimi nimeshikilia mlizamu ulioachia msumari
usije ukamwaga kando ya pipa,
mikono juu kama mtu aliyekamatwa,
kishikwambi ndani ya shati, kwenye kitovu,
kikilia kuomba jibu.

Pipa linajaa. Linafurika.
Bi Trufosa, amelowa chapachapa,
anachota kikombe, ananipa mimi kwanza.
Maji yana ladha ya kutu na vumbi la paa.
Nayamaliza.

"Andika saba," asema.

Kisha, nimeshafika langoni, ananiita:
"We kijana! Hiyo saba ni ya leo.
Usiende kuwaambia ni ya mwaka mzima."