Kikombe cha Pili

Umeme ulikatika saa moja, nikiwa napima mbao.
Ndiyo maana nikakiona.

Mchana kutwa picha ya Nzigire ilisimama karakanani,
hapa Kadutu, kati ya msumeno na debe la gundi,
nami niliona walichoona wateja: sahani ya sambaza,
kitunguu, kikombe, birika la bati lililobanduka rangi mdomoni.
"Si laini," alisema Cikuru. "Simu ingeipiga safi zaidi."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu sentimita.

Sasa nimewasha tochi, nimeilaza ubavuni,
kwenye ukingo wa turubai, mwanga ukitambaa,
na rangi imeinuka kama Bukavu inavyoinuka
mvua ikikatika: vilima, mitaro, udongo ulioporomoka.

Sambaza hawakuchorwa. Wamepigwa. Kila mmoja
pigo moja la kisu, rangi ya risasi, na mkia
pale mkono ulipochoka kubeba mafuta.
Kitunguu ni brashi kavu, karibu tupu,
iliyokwaruza wekundu juu ya kahawia
hadi ganda likawa ganda:
nilibana pumzi nisilipeperushe.
Unywele wa brashi umenaswa kwenye mvuke wa birika.
Hakuutoa. Pembeni, alama ya dole gumba.

Kisha kitambaa cheupe. Hapo mwanga ulijikwaa.
Chini ya weupe, duara: tuta jembamba la rangi
nene, ya zamani, lililokauka kabla halijafunikwa,
na ubavuni mwake sikio dogo, la kushikia.

Mezani palikuwa na kikombe cha pili.

Amekifunika mara tatu, nne, kwa brashi pana,
kama mtu anayefuta meza ileile kila asubuhi.
Lakini hakukikwangua.
Na kisu alikuwa nacho.

Siku ya pili akaja kuuliza bei ya kioo.
Nikamwambia kioo hakuna.
Kilikuwapo, nyuma ya mlango, kimefungwa gazetini.
"Itundike karibu na dirisha," nikasema, "ila usiielekeze kwake.
Mwanga uingie kwa ubavu."

Alinitazama muda mrefu kuliko bei ilivyohitaji.
Akapitisha kidole juu ya kitambaa, bila kukigusa,
akatoa faranga zilizokunjwa mara nyingi,
akateremka kwenye matope, hatua fupifupi,
picha ameikumbatia, uso kwa ndani.