Herufi H

Alikuja na ndoo ya miche iliyokataliwa,
akaipanga kwenye benchi langu, kati ya tupa na jiriwa,
mmoja mmoja, kama mashahidi.
"Soma," akasema Mama Ndabhona.
Nikasoma: BUA.
"Kalibu yako inakula H. Sokoni Mwanga wananicheka,
ati, mama, nipe bua la mtama la kufulia."

Sabuni ya mawese, njano ya kiini cha yai la kienyeji,
ilitoka Simbo na jina la nchi ya Waha
ikafika mjini haina pumzi katikati.

Niliishika kalibu kwenye mwanga wa mlango.
Ukipitisha ukucha unasikia changarawe:
vidonda nilivyoacha mwenyewe, cheche baada ya cheche,
mwaka juzi, nilipokuwa na haraka ya kulipwa.
Magadi yakaingia humo, yakala polepole.

Mashine hii haina meno.
Shaba hushuka hadi karibu na chuma, unene wa unywele,
ikasimama. Ni mtu na mkwewe: hawagusani.
Kati yao mafuta ya taa, na umeme unavuka.
Kila cheche huyeyusha tone, huacha kishimo.
Cheche kali, kishimo kirefu.

Ntahomvukiye, aliyenifundisha kazi karakana ya reli,
aliwahi kuniambia: tia unga kwenye mafuta.
Cheche moja kubwa itajigawa mia,
na unga wenyewe utahamia ndani ya chuma, ukae.
Unga wa dukani bei yake ni bati za nyumba.
Basi nilikusanya betri za redio zilizokufa, Gungu nzima,
nikachomoa vijiti vyake vyeusi, nikatwanga.
Kinu niliazima kwa shangazi; hajanisamehe.
Nikachekecha kwa kilemba, mara tatu.
Nilipopenga kamasi, nilipenga usiku.

Saa mbili nikawasha.

Shaba ikateremka, mafuta yakanong'ona,
Unga ukazungushika, cheche zikagawanyana,
Hakuna iliyofoka, zote sawa zikanena,
Chuma kikalainika, uso ukaanza ku

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukasema "Aaa!" kwa sauti moja.
Ndani ya tangi, pampu imekufa, unga ukaanza kutua
kama tope la Mto Luiche.
Nikavua saa. Tochi ya simu mdomoni,
mkono hadi kiwiko kwenye mafuta,
nikakoroga.
Nikabadili mkono, nikakoroga.
Sijui niliwaza nini. Ada ya mtoto, labda.
Saa saba umeme ulirudi bila kuomba radhi.

Kulipokucha niliinyanyua kalibu, nikaifuta.
Sikuona chuma. Niliona pua yangu, nyeusi,
na nyuma yake bango la duka la ng'ambo, limeandikwa kinyume.
Nikajaribu tupa pembeni: ikateleza, haikung'ata.
Vile vijiti vilivyosoma matangazo ya vifo,
vilivyopiga kelele za mpira Jumapili,
sasa vimo humu, kimya, vigumu kuliko tupa.

Isipokuwa hapa, mguu wa kushoto wa H,
pale unga ulipotua kabla mkono haujafika:
shimo, dogo kuliko punje ya ulezi.
Ningeweza kuanza upya.
Mama Ndabhona alikuwa mlangoni na ndoo.

Mche wa kwanza ulitoka bila kubembelezwa.
BUHA.
Alipapasa herufi kwa kidole gumba, moja moja,
kwenye H kidole kikasimama juu ya kipele.
"Na hiki?"
"Umeme ulikatika."
Akaguna. Akakata kipande cha mche ule ule,
akanipa, ninawe.
Povu la kwanza jeusi. La pili jeusi.