Nyavu za Katani

Jina lako hawakuliandika getini, Mwalimu Shekigenda,
rangi iliishia kwenye neno KARIBU.
Nimekuja na maneno yangu ya kusema
nimekuta uwanja wa Kange umefyekwa upande mmoja,
mbuzi wawili wako golini, na wala hawajaotea.

Wiki ya kwanza hatukugusa mpira.
Ulitukalisha chini tusokote:
katani mapajani, vidole vinawasha,
wewe juu ya ndoo, miwani imefungwa uzi,
unakagua fundo moja moja
kama karani wa mashamba siku ya mshahara.
"Golikipa asiyejua wavu unavyouma
atauachia mpira upite."
Tulicheka kwa siri. Mimi nilikuwa golikipa wa tatu.
Sikudaka hata mechi moja.
Mafundo yangu yalidaka miaka kumi na minne.

Wenzangu wanakusimulia kwa makombe.
Mimi nakumbuka birika:
chai ya rangi, vikombe saba, vijana ishirini na wawili,
na foleni inaanzia kwa aliyekosa penalti.

Hasira ulikuwa nazo, tusidanganyane.
Ndoo ile ilibonyea kwa mateke yako.
Filimbi uliipuliza mpaka mate yakaruka,
Kupaza akaitwa gogo mbele ya mchumba wake,
na msamaha ulikuja baada ya siku tatu, umefungwa gazetini:
njugu za kukaanga.

Halafu fainali ile na Korogwe.
Mapumziko, tunaongoza mbili bila,
Barabara ya Kumi na Mbili yote imekuja na madebe.
Mabao yote mawili ya Bakunda,
mguu wa kushoto kama panga la mkonge.
Ukamwuliza namba yake ya usajili, kwa mzaha tu.
Akainama.
Hakuwa mwanachuo. Alikuwa mkata mkonge wa Pongwe,
kavalishwa jina la mtu aliyeacha masomo.

Katibu wa michezo akakushika mkono: "Kombe kwanza, mwalimu."
Ukautoa mkono wake taratibu, kama mtu anayetoa mwiba,
ukalikata jua lote la uwanja ule kwa miguu
hadi kwa kamisaa, daftari kwapani.

Wiki mbili hatukukuamkia.
Kila asubuhi ulitusalimia wewe,
kwa majina, mmoja mmoja, hata golikipa wa tatu.

Juzi makaburini nilimwona Bakunda,
mvi kichwani, kashika mbele ya jeneza, bega la kushoto.
Nikamwuliza jambo lililonikaa miaka yote:
jioni ile, alipokubeba kwa baiskeli mpaka Pongwe,
alikuambia nini?

Akafuta udongo viganjani, akafikiri.
"Hakusema kitu.
Kwenye kilima alishuka, akanisukuma."

Sasa mimi ni mwalimu, Mwalimu.
Shuleni kwangu hakuna nyavu; bao likiingia ni ugomvi,
huyu anasema limepita juu, yule anaapa kwa mamake.
Jana nimenunua katani kilo tatu.
Watoto wananung'unika, vidole vinawawasha,
nami nimekaa juu ya ndoo
naangalia fundo la kijana mmoja mvivu, mrefu,
limelegea,
na sijui bado nimwambie nini.