Kupangusa Kalamu

Jumanne makumbusho hufungwa, nami hufungua.
Navua viatu mlangoni, si kwa heshima:
mbao za mwaloni hulia, na sipendi
nyumba tupu inayonijibu.

Naanzia jikoni. Birika, bakuli la chumvi,
kiti ambacho Rais, hasira zikimpanda,
alikipunguza mguu mmoja kwa msumeno
asije akastarehe nchi ikiteseka.
Ndivyo tunavyowaambia watoto wa shule.
Ukweli ni panya. Waliutafuna panya.

Ambrose Tillotson, mwana wa mtengeneza mapipa,
alizaliwa chumba cha juu, theluji ya Iowa imeziba dirisha,
akafia chumba hichohicho, miaka sabini na mmoja,
akiuliza kama barua zimefika.
Katikati ya hapo alikuwa Rais miaka minne.
Minne tu. Waliomweka hawakumsamehe.

Maana walimjia wiki ya kwanza, kofia mikononi,
foleni toka ngazini hadi walipofungwa farasi:
mpwa wa fulani, shemeji wa fulani,
aliyebeba bendera, aliyenunua bia usiku wa kura,
huyu anataka posta, yule forodha,
mwingine mnara wa taa, na hajawahi kuona bahari.
Mkono mtupu haulambwi, wakamkumbusha.
Akaitazama mikono yao, wanasema, akajibu:
Basi tuipe kalamu, tuone itaandika nini.

Ndipo ukaja mtihani.
Babu wa babu yangu, Dirk Vandeveer, fundi viatu,
asiye na mjomba bungeni wala shangazi mjini,
aliukalia kwa koti la kuazima.
Akakosea mto mmoja na jumla ya sehemu.
Akapata mkoba wa barua, akaubeba
miaka thelathini na miwili, bega la kushoto likashuka,
na sote tuliomfuata tumezaliwa na bega hilo,
au tunajidai hivyo.
Kwa hiyo mimi na kitambaa changu
ni tanbihi katika sheria yake.

Kalamu iko chumba cha kusomea, kwenye kabati la kioo.
Mpini wa pembe, nibu ya chuma. Ufunguo ninao.
Ni nyepesi kuliko kijiko.

Miaka kumi na mitano niliipangusa kwa fahari.
Kisha Machi akaja mama mmoja, Arlene Kihega,
toka Oklahoma, mabasi mawili na usiku mzima.
Hakutazama kitanda wala kofia.
Akasimama hapa, akauliza:
Ndiyo hii iliyotia saini ile ya Aprili?

Sikujua ya Aprili. Kibao hakisemi.
Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani:
sheria ya mtihani ilitiwa saini Januari.
Aprili, meza ileile, wino uleule,
nchi ya bibi zake, watu wa Oto,
ikakatwa vipande kama keki ya harusi ya wengine.
Na karani aliyetumwa kupima mipaka
alikuwa amefaulu. Alama tisini na nne.
Hakula rushwa hata senti.
Mistari yake, alisema, imenyooka mpaka leo.

Nilifungua kabati. Hairuhusiwi.
Akaishika kalamu, akaipima kiganjani,
akanirudishia, akauliza choo kiko wapi.

Usiku ule niliiandikia kamati:
kibao kiongezwe mstari mmoja.
Walijibu upesi, kwa adabu. Kuna utaratibu.
Kuna fomu ya kurasa sita, na usaili,
na kila ombi hupimwa kwa haki, bila kujuana.
Yeye mwenyewe angependa hivyo.

Basi leo Jumanne nimeketi jikoni
juu ya kiti cha panya, kinayumba,
na kalamu ya plastiki ya benki.
Swali la tatu: *Una uhusiano gani na marehemu?*
Nimeandika, nimefuta. Karatasi imeanza kutoboka.